Nipeni menyu fupi, hata siku ya besdei

Mimi menyu ikishafika kurasa nane naanza kuingiwa na wasiwasi. Mnajua wenyewe inavyokuwaga, unaagiza pweza unaambiwa hamna, unaagiza kisamvu mhudumu anazama jikoni anarudi anaangalia chini, kisamvu nacho kimeisha, mwisho wa siku meza nzima mnakula chipsi kuku manake ndo kitu pekee kilichokuwepo tangu asubuhi na walikuwa wanajua. Kurasa zote zile ni urembo tu.

Sasa mwezi huu wa saba dada yangu mkubwa kafikisha miaka 40, akasema hataki ukumbi, hataki emsii, hataki kuchangisha watu, anataka tukae familia tule. Nikawapeleka kwenye mgahawa mmoja mpya pande za Msasani, wenyewe wanajinadi wanapika cha msimu tu na cha hapahapa nchini. Menyu yao ni ubao na chaki. Vyakula vichache, halafu chini kabisa wameandika ambavyo leo hamna na kwa nini hamna, na hako kakipande ka chini ndo kamenifanya nikae niandike.

Dagaa wabichi: hamna, mbalamwezi. Ukikaa na wavuvi hilo linajieleza, dagaa anavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukishawaka bahari nzima taa yako nani ataifuata, wanapumzika mpaka giza lirudi. Samaki: kibua tu, wakiisha wameisha, kusi linavuma. Kweli kipindi hiki bahari ni chafu, wenye ngalawa siku nyingine wanaangalia mawimbi wanarudi kulala. Embe: subirini mwisho wa mwaka.

Hapo kwenye embe shemeji yangu akashindwa kuvumilia. "Mgahawa gani hauna juisi ya embe?" Yule binti aliyekuwa anatuhudumia wala hakubabaika, akamwambia, "Kaka, mwezi wa saba ningekuletea ya boksi, na sisi ya boksi hatuuzi. Machungwa yapo, ya Muheza." Mama, ambaye ni mtu wa Tanga na huwa hakosi kuitetea, akasema mleteeni hiyo ya machungwa anyamaze.

Ninachosema mimi ni hiki, hii "hamna" iliyoandikwa ubaoni na ile "hamna" ya kunong'onezwa baada ya nusu saa ni vitu viwili tofauti kabisa. Na tuwe wakweli, sisi walaji ndo tumewaharibu wenye mahoteli, tunataka kila kitu mwaka mzima na tukikikosa tunanuna, sasa wao wafanyeje, wananunua maboksi, wanajaza samaki kwenye friza, wanaandika "fresh" kwa herufi kubwa. Wakati huo kule Songosongo ya Kilwa na Kisiwa Panza cha Pemba wavuvi wenyewe wanakubaliana wanafunga sehemu ya mwamba miezi mitatu hivi ili pweza wakue, na hao ni watu wanaoishi kwa huyohuyo pweza. Mimi na mshahara wangu nashindwaje kumkosa pweza Ijumaa moja?

Chakula chenyewe sasa. Walipika mchele mpya, wa mavuno ya juzijuzi, na mchele mpya una tabia zake, haunywi maji mengi, ukiupimia vilevile ulivyozoea kupimia wa zamani unatoka bokoboko. Wao waliupatia, punje inaachana na ile harufu bado ipo, mama alikula kimya kimya na kwa mama yangu kimya ni sifa kubwa. Mbaazi mbichi za nazi zilikuwa tamu kupita kiasi. Kibua wa kupaka alikuwa sawa tu, ukwaju ulizidi. Keki ya ngano yenye urembo wa pinki hawana, wakaleta mkate wa kumimina una mshumaa katikati, iliki inanukia mpaka meza ya pili, dada akakata akalisha mmoja mmoja kama kawaida yetu, watoto wakawa wanavizia na chupa za maji wammwagie, mhudumu akatuomba kwa adabu hiyo shughuli tukaimalizie parking.

Halafu ikaja bili.

Matembele, sahani ambayo ukigeuka mara mbili imeisha, shilingi 14,000. Hapa sasa ndo sielewani nao. Kitu cha msimu si ndo kipindi ambacho kimejaa sokoni na bei imeshuka? Mama ntilie wa mtaani kwetu amekuwa akipika cha msimu miaka yote bila ubao wala hadithi, asubuhi anapita sokoni anaangalia kipi kimeshuka, leo mchicha, kesho majani ya maboga, mvua zikinyesha mlenda, na unafuu wa sokoni unauona kwenye sahani yako. Najua Msasani kuna pango, kuna umeme, kuna mishahara na yule binti anastahili kulipwa vizuri, sikatai. Lakini machungwa kipindi hiki yamejaa kila kona, glasi moja mnaiuzaje bei ya karibu dazeni nzima? Kama bei ni ileile chakula kiwe kimejaa au kiwe adimu, basi huo msimu unaishia jikoni kwenu, kwangu mimi mlaji haujafika.

Shemeji alilipa, lazima niseme, na hakulalamika mpaka tulipofika kwenye gari.

Nitarudi mwezi wa 12, embe dodo zikiwa zinamwagwa chini barabarani, nione hiyo juisi wataniuzia shilingi ngapi.