Kichaka cha miaka mitano si msitu

Shamba la ufuta likiachwa Liwale au Nachingwea, mkoani Lindi, visiki vya miyombo, miti ya asili ya huko, huchipua msimu uleule wa mvua, kila kimoja kikitoa mashina matano au sita. Baada ya miaka mitano hupiti bila panga. Chemchemi ya bondeni ikipungua wakati huo, watu huuliza: si mlisema msitu unaleta maji?

Swali ni halali. Afrika Kusini ilianza mwaka 1972 kudai kibali cha kupanda misitu ya biashara, kwa sababu misonobari na mikalitusi ilikuwa inapunguza maji ya vijito, na sheria yake ya maji ya 1998 inahesabu misitu hiyo kuwa matumizi ya maji. Anayesema mti unakunywa hajakosea. Anachosahau ni umri wa huo msitu.

Milima iliyo juu ya jiji la Melbourne, Australia, iliungua mwaka 1939 na msitu wa mikalitusi ukaota upya kwa pamoja. Maji ya vijito yalishuka hadi karibu nusu msitu ulipokaribia miaka 30, kisha yakaanza kupanda polepole, safari ya zaidi ya karne. Miti ilipozeeka ilipungua idadi, majani yakapungua, na sehemu ya shina inayopandisha maji ikawa ndogo kulinganisha na kiini. Miyombo yetu si mikalitusi ile na miaka haitalingana, lakini mara nyingi ujana wa msitu ndio wenye kiu.

Udongo nao una saa yake, na saa hiyo ni ya taratibu zaidi. Miaka mitatu minne ya kulima huacha ukoko juu, matone yakiwa yameziba vitundu kwa chembe laini, na tabaka gumu chini ya pale jembe linapoishia. Msitu hauvunji tabaka hilo kwa nguvu. Majani makavu hupokea pigo la matone, mchwa na minyoo hutoboa, mizizi hufa na kuoza ikiacha mirija. Chimba shimo baada ya mvua kubwa ya kwanza: unyevu utakuwa umeshuka ukifuata mzizi uliooza, na udongo wa pembeni bado ni vumbi. Mirija hiyo huhitaji zaidi ya muongo mmoja kuenea. Kwa hiyo kiu huanza mwaka wa kwanza, na milango hufunguka baada ya wa kumi.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja ni lita 500,000 kwa hekta. Udongo unaopokea milimita 20 kwa saa huacha lita 300,000 zitiririke kwenda mtoni na tope. Udongo unaopokea 100 hauachi kitu. Kichaka kikinywa milimita 100 zaidi ya shamba kwa mwaka, ni lita milioni moja. Mvua nne za namna ile zikiingia ardhini, kila moja ikiokoa zile lita 300,000, zinalipa deni hilo na kubakiza lita 200,000. Lakini zisipoingia, kichaka kimekunywa bure, na hiyo ndiyo hali ya miaka ya mwanzo.

Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hesabu inageuka. Mchanga ule wenye kina kirefu hunywa dhoruba nzima bila msaada wa mzizi, hivyo msitu hauongezi sana upenyaji, na anayeogopa kiu ya miti ana hoja nzito kuliko yangu. Kwenye miteremko na udongo wa mfinyanzi simpi nafasi hiyo.

Linaloharibu hesabu kuliko yote ni moto wa kiangazi. Kichaka kinachoungua kila mwaka hakizeeki: kinachipua upya, na mvua za kwanza zinakuta ardhi tupu. Hata chini ya mitiki iliyopandwa Rondo, Lindi, jani pana hukusanya matone madogo kuwa makubwa, na majani ya chini yakiwa yameungua matone hayo huchimbua udongo.

Kabla ya kuhukumu kichaka, pima. Chukua kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 30, kipigilie sentimita 5 hadi 10 ukiweka ubao juu, kisha gandamiza udongo ukingoni kwa ndani ili maji yasipenye ufa. Lowesha pia udongo wa nje. Weka majani machache ndani, mimina lita moja (ni kina cha milimita 14), andika muda wa kuzama, na urudie mpaka muda usibadilike, maana udongo mkavu hudanganya kwa lita za mwanzo. Lita ikizama kwa dakika 40, hiyo ni kama milimita 21 kwa saa. Kwa dakika 8, zaidi ya 100. Pima sehemu zisizopungua tano na uchukue jibu la katikati. Bomba likiangukia tundu la mchwa litameza ndoo nzima. Andika na hilo, usilifute, kwa sababu wakati wa dhoruba maji mengi hupita hapo.