Flashi yangu ilivyorefusha nasaha za baba mkubwa

Basi bwana, ilikuwa send-off ya binti wa shangazi yangu, ukumbi mmoja huko Temeke, mimi nimeenda kama ndugu tu, mchango nimetoa, kadi ninayo. Picha alikuwepo jamaa aliyelipwa na kamati. Ila siku hizo nilikuwa na kichaa cha flashi ya pembeni, yaani flashi haikai juu ya kamera, unaitoa unaiweka kwenye stendi kule kando, ndo uso unapata kivuli na pua inaonekana pua. Ukimlima mtu na flashi ya juu ya kamera anatoka kama picha ya kitambulisho.

Bi harusi alishaniahidi dakika tano baada ya nasaha. Nikamwambia nitakupiga mwanga wa Rembrandt, akauliza ndo saluni gani hiyo. Nikamwelewesha huyo ni mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, kwenye picha zake shavu la upande wa giza linabaki na kipembetatu kidogo cha mwanga, akasema sawa ila make up yangu usiitie giza, nimeilipia.

Nikawahi kutega. Stendi kando ya meza kuu, nyuzi 45 hivi, flashi juu kidogo ya usawa wa macho inaangalia chini, mbele yake mwamvuli mweupe wa kulainisha mwanga, na dumu la maji la lita 5 nimelining'iniza kwenye stendi isianguke. Mwamvuli unakula sana mwanga so nikaweka pawa yote. Triga ya redio, kile kidude cha kuiwasha flashi kwa mbali kutoka kwenye kamera, ilikuwa imezima toka nyumbani, nikaiweka flashi kwenye S1. S1 maana yake flashi ina kijicho, ikiona flashi nyingine yoyote imewaka na yenyewe inawaka. Haiulizi ya nani.

Kamera nikaacha kwenye begi, nikaenda meza ya nyuma kabisa kula pilau.

MC akampa maiki baba mkubwa atoe nasaha. Mzee kasimama, kanzu imenyooka, kofia, "Mwanangu, ndoa..." jamaa wa kamati akapiga picha. Flashi yake ikawaka, na yangu huku ubavuni kwa mzee ikawaka BAAA, pawa yote. Mzee akanyamaza. Akageuka taratibu upande wa mwamvuli, akarekebisha kofia, akatabasamu, akasubiri kidogo, kisha akaendelea, "Kama nilivyosema, ndoa..." BAAA. Akageuka tena, safari hii kainua kidole cha kuusia.

Huku yule jamaa anaangalia kioo cha kamera yake anatikisa kichwa. Picha giza! Sasa kwa wasiojua, flashi yake ilikuwa kwenye TTL, yaani kamera inajipangia yenyewe nguvu ya flashi, na TTL kabla ya picha yenyewe inatoa kimweko kidogo cha kupima mwanga. Kile kimweko ndo kilikuwa kinaiamsha yangu, inalipuka mapema kabla shata haijafunguka, kamera yake inaona kumbe hapa mwanga umejaa tele, inaipunguza flashi yake, ikija picha halisi yangu ishazima na yake haina nguvu. Ndo maana kuna S2, ile inakiruka kile kimweko cha kwanza. Jamaa anapiga tena, giza, anasafisha lenzi na shati, anapiga tena, giza. Na kila akipiga mzee anapozi. Tukawa tumeingia kwenye mduara, jamaa anarudia kwa sababu picha hazitoki, mzee anarefusha nasaha kwa sababu kaona leo anapigwa picha kuliko bi harusi. Alishamaliza ndoa, akaingia kwenye historia ya ukoo, akafika mpaka kwenye shamba la minazi la marehemu babu ambalo halina uhusiano wowote na send-off.

Nikainuka nikaizime. Shangazi akanidaka mkono, "Unaenda wapi? Wazee wanaongea unataka kukatiza mbele yao?" Namwambia shangazi flashi yangu ile, ananiambia kaa, we mtoto una nini. Nikakaa. Pilau nayo ishapoa.

Kilichotuokoa ni betri. Zile AA nne kwa pawa yote hazina maisha marefu, ikaanza kuchelewa kuchaji, inawaka mara moja moja, mwisho ikakata kabisa. Mzee kageukia mwamvuli, kimya. Kasubiri. Kimya. Akasema, "Nisiwachoshe," ukumbi mzima vigelegele.

Jamaa wa kamati naye picha zikaanza kutoka safi. Akanifuata baadaye anifundishe, eti siri ni kusafisha lenzi. Nikamshukuru.

Picha ya Rembrandt haikupigwa, betri za akiba sikuwa nazo, bi harusi kanicheka mpaka kope bandia moja ikabanduka. Ila baba mkubwa akaniita pembeni, "Mwanangu, nimeuona mtambo wako, umejituma sana. Zile zangu zote nitumie WhatsApp, na ile niliyoinua kidole usiisahau." Nitamwambiaje kamera ilikuwa kwenye begi muda wote?

Juzi kanitumia voisi noti anauliza kama bado nazisafisha. Nimemjibu bado kidogo, baba mkubwa.