Meru si mlima wa mazoezi

Kuna maneno nimeyasikia tena wiki iliyopita na mpaka leo yamenikaa kooni. Tulikuwa tumekaa kupanga safari, na kijana mmoja akauliza swali la maana kabisa: ana likizo mwezi wa tisa, ana pesa ya mlima mmoja tu, hajawahi kulala juu ya mita 3,000, je, apande upi? Hata hajamaliza, watu wameshajibu. Kilimanjaro! Nikataja Meru, mlima wetu wa Arusha. Mwenzetu mmoja, tena mtu aliyezunguka milima mingi na anayeheshimika, akanikata: "Meru ni ya mazoezi tu, bwana. Unapasha misuli pale, halafu ndiyo unakwenda mlimani."

Halafu ndiyo unakwenda mlimani! Kama vile Meru ni uwanja wa nyuma ya shule.

Nimewasikia waongozaji wakiirudia kauli hiyo, nimewasikia wauzaji wa safari, na kwa masikitiko nimewasikia hata wenyeji wanaouona mlima huo kila asubuhi wakifungua dirisha. Ina madhara mawili. Inamnyima mtu kilele ambacho, kwa maoni yangu, ndicho bora kuliko vyote tulivyo navyo Tanzania. La pili ni kwamba inampeleka mlimani akiwa hajajiandaa, na hilo ndilo baya zaidi, kwa hiyo nianze nalo.

Tuangalie mlima wenyewe. Lango la Momella liko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Usiku wa kwanza unalala kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,500 na kitu. Usiku wa pili uko kwenye vibanda vya Saddle, kama mita 3,570. Usiku huohuo, kwenye saa saba au saa nane, unaamshwa, unavaa kila ulichobeba, unawasha tochi ya kichwani na kuanza kupanda kwenda Kilele cha Ujamaa, zaidi ya mita 4,560. Yaani kati ya kitanda cha kwanza na cha pili umeongeza zaidi ya mita 1,000, na kabla mwili haujapumua umeongeza nyingine karibu 1,000 gizani. Ushauri wa madaktari wanaoshughulika na miinuko ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana yake kwa zaidi ya mita 500 hivi. Ratiba ya kawaida ya Meru inauvunja ushauri huo waziwazi. Mlima wa namna hiyo unaitwaje wa mazoezi?

Tena hapo sijagusa kushuka. Ukitoka kileleni siku hiyohiyo unateremka hadi Miriakamba, mita 2,000 nzima. Wale waliouziwa siku tatu wanaunganisha moja kwa moja hadi langoni, mita 3,000 kwa magoti yaleyale yaliyokesha yakipanda. Nimeona vijana wenye vifua vipana wakishuka kinyumenyume kwenye ngazi za udongo juu ya Miriakamba kwa sababu mapaja yamegoma.

Ugonjwa wa mwinuko hauulizi jina la mlima. Unaanza na kichwa kuuma, chakula kukataa, kichefuchefu, usingizi wa kukatikakatika. Ukipuuzwa unaweza kuleta maji kwenye mapafu au uvimbe kwenye ubongo, na hapo tiba ya kutegemea ni moja: kushushwa, upesi, hata kama ni usiku. Ujana haukukingi. Kukimbia kila asubuhi hakukukingi pia, na wapo wanamichezo wanaougua kwa sababu miguu yao inawabeba haraka kuliko damu yao inavyozoea hewa nyepesi.

Siku moja nilimkuta dada mmoja amekaa kwenye ngazi za kibanda pale Saddle, alasiri, jua bado liko. Ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili na hakinywi. Chai ilikuwa imepoa mpaka imefanya utando juu. Kila mwongozaji wake alipomsemesha alijibu kitu kilekile, polepole, kama anayeulizia habari: "Si ni Meru tu lakini?" Waliomleta walimwambia ni matembezi ya wikendi, ajipime kabla ya safari yenyewe. Mwongozaji alikuwa na akili. Hakubishana naye, alichukua begi lake, akamwambia askari wa hifadhi, wakashuka naye Miriakamba kabla giza halijaingia. Nilipopita huko nikiteremka nilimkuta anakula ugali na mboga kwa hamu, uso umerudi. Alishushwa mapema, basi. Lakini alipoteza kilele chake kwa sababu ya neno la mtu aliyetaka kuuza safari mbili badala ya moja.

Sasa nije kwenye uzuri, maana sitaki mtu adhani naitetea Meru kwa huruma.

Nitajie mlima mwingine ambao unaanza safari nyuma ya askari wa hifadhi aliyebeba bunduki, na bunduki hiyo ina sababu. Nyanda za Momella ni za nyati. Unapita karibu na twiga wanaokutazama bila haraka yoyote, ngiri wanakimbia mikia juu, na ukiingia msituni mbega wanaruka juu ya kichwa chako, mikia yao myeupe ikifuata. Kuna wakati askari wetu aliinua mkono tukasimama wote. Hakusema kitu. Aliinama akatazama kinyesi cha nyati kilichokuwa njiani, bado kinatoa mvuke, akasikiliza upande wa kulia kwenye vichaka, akasubiri. Tukasikia tawi linavunjika, kisha kitu kizito kinasogea mbali. Akatupungia, tukaendelea. Sijawahi kuwa macho kiasi hicho nikitembea mahali popote.

Halafu msitu wenyewe. Mipodo mikubwa, ndevu za kijani zimening'inia kwenye matawi, ukungu unaingia na kutoka, na mahali pamoja njia ya gari inapita katikati ya mtini ulioota kama lango. Ndani ya siku mbili unaipita misitu hiyo yote, unaingia kwenye vichaka vya maua ya baridi, unatoka kwenye mawe matupu. Kila saa mlima unabadilika mbele yako.

Kinachoniita zaidi, hata hivyo, ni kasoko, lile shimo la volkano. Miaka elfu kadhaa iliyopita upande wa mashariki wa Meru ulibomoka, ukaporomoka wote kuelekea kule yaliko leo maziwa na vilima vya Momella. Kilichobaki ni mlima uliofunguliwa ubavu, umbo la kiatu cha farasi, na ndani yake koni ya majivu iliyoota baadaye. Njia ya kwenda kileleni inafuata ukingo wa bonde hilo. Upande mmoja mteremko wa kokoto na majivu, upande mwingine genge linaloshuka mamia kwa mamia ya mita, na ukilitazama kuanzia kileleni hadi sakafu ya kasoko ukuta wote unakaribia mita 1,500. Baada ya Rhino Point, kituo cha njiani juu ya Saddle, kuna miamba ambapo fimbo zinakuwa kero, unazikunja na kushika mwamba kwa vidole. Ukipita pale usiku unaona duara la tochi yako tu, na giza la upande wa genge unalihisi kwa upepo unaotoka chini. Ukirudi asubuhi ndipo unapoona ulikopita, na hapo wengi wanakaa kimya.

Unaona mlima ulivyoumbwa na ulivyovunjika. Volkano hii ililipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, yaani juzi tu kwa umri wa milima. Unasimama ukingoni, unatazama ile koni chini yako, kamili, ya kijivu, na unaelewa kwa macho kitu ambacho mwalimu wa jiografia alihangaika kukichora ubaoni.

Na kuna jambo moja dogo ambalo mashabiki wa Kili hawawezi kulijibu. Jua linapochomoza ukiwa ukingoni mwa Meru, linachomoza ng'ambo ile iliko Kilimanjaro. Kibo yote inasimama juu ya mawingu, kilomita 70 hivi mbele yako, na Mawenzi yenye meno ubavuni mwake. Aliye Uhuru asubuhi hiyo amesimama juu ya kilele hicho na hakioni. Ukitaka kuutazama Mlima Kilimanjaro kwa heshima inayoustahili, mahali pake ni Meru.

Haya, Kilimanjaro. Mita 5,895, paa la Afrika, sibishi. Mwenge wa Uhuru uliwashwa pale Desemba 1961 na Luteni Alexander Nyirenda, na Mtanzania anayetaka kusimama mahali hapo ana sababu isiyohitaji hesabu ya mita wala ruhusa yangu. Barafu nayo. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshaondoka, na anayetaka kuiona kwa macho yake asichelewe. Hizo ni sababu nzuri na ninazikubali. Lakini "kwa sababu ni mrefu kuliko yote" si sababu ya kupenda mlima. Watu makumi ya maelfu wanaupanda kila mwaka, wengi wanalala kambi zilizojaa, wanapanda usiku wa mwisho kwenye mstari wa tochi wakitazama visigino vya aliye mbele, na wakirudi ukiwauliza wanachokumbuka wanakuonyesha cheti. Ukichagua kwa urefu unajikuta unapanda namba. Na mwenye namba kichwani ndiye anayeficha maumivu ya kichwa asirudishwe, ndiye anayebana siku ili gharama ipungue, ndiye anayesukumwa kutoka Kibo Hut, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, usiku wa manane, mita 4,720, akiwa hajala tangu jana.

Najua hoja nyingine: Meru humsaidia mtu kuzoea hewa kabla ya Kili. Ni kweli, mwili unafaidika. Ila afaidike mwenye mwili akiwa ameupanda Meru kama Meru, kwa heshima na siku zake kamili.

Milima mingine nitaitaja kwa kifupi. Mlima Kenya nauheshimu sana, na Lenana kwa mita zake 4,985 ni safari tamu kwa mtembeaji, lakini vilele vyenyewe, Batian na Nelion, ni vya wenye kamba na ujuzi wa miamba. Rwenzori ni kwa anayependa matope kwa dhati. Ol Doinyo Lengai unapandwa usiku kwa sababu mchana hakuna kivuli hata kimoja, na ni volkano hai iliyofoka vibaya mwaka 2007, kwa hiyo sikiliza wenyeji kwanza.

Kwa kijana wetu, na kwa yeyote aliye na pesa ya mlima mmoja, nasema Meru, na nasema siku nne. Akitajiwa siku tatu akatae, au atafute wengine wa kumpeleka. Akifika Saddle mchana asijitupe kitandani. Apande Meru Ndogo, kilele kidogo cha jirani, mita 3,800 na ushee, taratibu, akae juu kidogo, kisha arudi kulala chini. Saa moja au mbili hizo zinausaidia mwili kuliko usingizi wa mchana. Ale hata kama hana hamu. Anywe maji. Kichwa kikiuma amwambie mwongozaji palepale, asingoje kipoe. Aulize mapema wapagazi wanabeba kilo ngapi na wanalala wapi, na jibu likiwa la kujikanyaga ajue anashughulika na watu gani. Mwezi wa tisa ni mzuri, njia ni kavu, japo ukingoni upepo ni mkali na glavu nyembamba hazitoshi.

Mtu mmoja tu ndiye nisiyeweza kumshauri Meru, naye ni yule anayeogopa magenge kwelikweli, anayetetemeka akisimama kwenye roshani. Ukingo ule haukwepeki, njia rasmi ya kwenda kileleni ni hiyo moja, na kumlazimisha ni ukatili. Huyo aende Kili kwa njia ya Marangu, achukue siku sita, aongeze usiku mmoja kwenye vibanda vya Horombo, na atapanda vizuri.