Mwezi usiotua Tromsø, bamvua la Jambiani

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Desemba, hapa Tromsø kaskazini mwa Norway. Nje ni giza totoro na mwezi mpevu uko juu ya milima. Haujatua tangu juzi. Nampigia mama simu Jambiani, kijijini kwetu Unguja, ambako ni saa nne, na shikamoo yangu haijamaliza kutoka ananiwahi: "Marahaba mwanangu, leo bamvua, maji yashapwa, nipo njiani nakwenda kwenye mwani. Nipigie jioni." Simu imekatwa.

Miaka ya mwanzo nilikuwa naumia. Siku hizi nikiuona tu mwezi umejaa dirishani, najua kwamba kesho na keshokutwa bahari ya Jambiani itakimbia mbali kuelekea mwambani, mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na wanawake watateremka na kamba na vigingi vyao. Jua, dunia na mwezi vikikaa mstari mmoja, mvuto wa jua huongezea nguvu ule wa mwezi, na Unguja maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne: ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo haisaidiani tena. Hapo ndipo yanapokuja maji mafu, na mama hubaki juu: anaanika mwani, anakwenda harusini, anasuka ukili. Na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa sababu mwezi nao umesogea wakati dunia ikijizungusha. Mama hana saa ya mkononi. Sijawahi kumwona akikosea.

Ndugu na marafiki wakiniuliza habari za Ulaya, huuliza mshahara na baridi. Mimi huwajibu kwamba tofauti kubwa niliyoiona ni nani anayeitawala siku. Huku linatawala jua, kwa kuwepo kwake na kwa kutokuwepo. Kwetu pwani unatawala mwezi.

Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na mwinamo huo ndio uliopanga kila kitu hapa, kuanzia likizo za shule hadi tabia za watu. Tromsø iko karibu na nyuzi 70 kaskazini. Tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Adhuhuri huja mwanga wa buluu kwa saa chache, kisha unaondoka. Halafu kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi karibu tarehe 22 Julai halitui. Unguja tuko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi haifiki dakika 45. Ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa kuanzia macheo: saa moja asubuhi ni kama saa moja baada ya jua kuchomoza, mwaka mzima, na mtu wa shamba haulizi. Nilikuja kulitambua hilo huku, Desemba yangu ya kwanza, nikitafuta ni wapi saa moja ya asubuhi ingeanzia kuhesabiwa.

Na mwezi ule usiotua? Mwezi mpevu daima husimama mkabala na jua. Desemba jua limezama upande wa kusini, basi mwezi hupita njia ileile ya juu ambayo jua lilipita Juni, na kwa siku kadhaa huzunguka anga lote bila kushuka. Sijui neema kubwa kuliko hiyo katika majira ya giza.

Wenyeji wa hapa nawaheshimu sana kwa jambo moja: wanaijua mbingu yao na wanaitendea haki. Tarehe 21 Januari ni Soldagen, Siku ya Jua, siku linaporudi kuonekana juu ya milima. Watoto hutoka kulipokea, na mji mzima hula maandazi yenye jamu ndani, yanayoitwa maandazi ya jua. Mara ya kwanza niliposimama pale na ule ukingo mwekundu ukachungulia kwa dakika chache, nililia. Majedwali ya maji kujaa na kupwa hutolewa na idara yao ya ramani, na mtu yeyote huyapata.

Sisi je? Shuleni kwetu, hatua chache kutoka baharini, nilikariri majira manne ya mwaka kama yalivyoandikwa kwa watu wa theluji. Nikayajibu kwenye mtihani, nikapata vema. Hakuna aliyetueleza kwamba kaskazi na kusi ni watoto wa mwinamo uleule: Julai bara la Asia linapopata moto, hewa huvutwa kutoka kusini na kusi huvuma, Desemba na Januari Asia inapopoa, upepo hugeuka, na ndio kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni kwa karne nyingi. Hakuna aliyetuonyesha kwamba jua hupita juu ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na masika na vuli huja nyuma yake. Nilimaliza skuli nikiamini kwamba baridi ya Ulaya hutokana na kuwa mbali na jua. Kumbe dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi Julai, kama milioni 152.

Hili linaniuma, nami nalisema wazi: wazee waliohesabu siku kwa miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, siku kumi kumi, ili wajue lini kupanda na lini kusafiri, walikuwa na elimu. Somo la jiografia lingeanzia kwao, mtoto wa Jambiani angeielewa dunia yote, hata Tromsø.

Nilifika huku mwaka 2015, Ramadhani ilipoangukia Juni. Jua halikutua, na msikitini baadhi yetu tulifunga kwa saa za Makka. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kidogo kidogo. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na hapo sisi wa huku tutafunga na kufuturu gizani. Nilipomwambia mama, alinyamaza kidogo.

"Na mwezi wake mtauona?" akauliza.

Nikamwambia mwezi mchanga wa Desemba hukaa chini pamoja na jua. Hatutauona, tutasubiri habari kutoka huko kwao Jambiani. Akasema basi atapanda yeye kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, autazame, anipigie.