Hoki ya barafuni ilirudi 2013, lakini nani aliyegharamia?

Alfajiri ya Januari 6, 2013, baada ya kikao cha saa 16 hivi jijini New York, NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ilielewana na chama cha wachezaji. Mvutano wa siku 113 kuhusu mkataba wa kazi ukaisha, na maandalizi yakawa ya mbiombio: kambi zilifunguliwa Januari 13 bila hata mechi moja ya kujipima nguvu, na Januari 19 msimu ukaanza. Kila timu ilipangiwa mechi 48 badala ya 82.

Wapo wanaouita mvutano huo mgomo, na huko ni kuwaonea wachezaji. Wao walikuwa tayari kucheza huku mazungumzo yakiendelea. Wamiliki wa klabu ndio waliofunga milango, wakawazuia wachezaji kucheza, mkataba wa zamani kati yao ulipokwisha Septemba 2012.

Hata hivyo, wamiliki walikuwa na hoja. Wachezaji walikuwa wakichukua asilimia 57 ya mapato ya ligi. Tena kila klabu ililazimika kutumia kima fulani cha chini kwa jumla ya mishahara ya wachezaji wake, dola milioni 16 tu chini ya kikomo cha juu, na viwango vyote viwili vilipanda kadiri mapato ya ligi nzima yalivyopanda. Toronto na Montreal zikivuna, gharama ziliipandia hata Phoenix, klabu iliyofilisika hadi ligi yenyewe ikainunua mwaka 2009. Mzigo huo ulikuwa wa kweli.

Ninachokipinga ni dawa waliyoichagua. Pengo kati ya klabu tajiri na maskini ni jambo ambalo wamiliki wangeanza kulimaliza wao kwa wao, kwa kugawana mapato zaidi. Badala yake, pendekezo lao la kwanza liliwataka wachezaji washuke hadi asilimia 43. Na mwezi huohuo wa Julai 2012, klabu ya Minnesota Wild iliwasajili wachezaji Zach Parise na Ryan Suter kwa miaka 13 kila mmoja, dola milioni 98 kila mmoja. Hakuna aliyeilazimisha. Miezi michache baadaye mmiliki wake, Craig Leipold, alikuwa upande wa wamiliki kwenye mazungumzo ya kubana mikataba ya aina hiyohiyo.

Mwishowe walikubaliana nusu kwa nusu. Mikataba mipya ikawekewa ukomo wa miaka minane kwa mchezaji anayebaki klabuni kwake na saba kwa anayehama, na fungu la kusaidia klabu dhaifu likapanda hadi dola milioni 200. Mgawo wenyewe naukubali. Ligi ya kikapu, NBA, ilikuwa imefika karibu hapo mwaka 2011. Lakini tusidanganyane: wachezaji ndio walioachia zaidi, na kazi kubwa ya kiongozi wao, Donald Fehr, ilikuwa kuzuia hasara isiwe kubwa zaidi.

Mechi 510 zilifutwa. Nyota walijipatia pengine: Alexander Ovechkin alipata pa kuchezea Moscow, Joe Thornton na Rick Nash wakaenda Davos, Uswisi. Mkata tiketi, muuza vinywaji uwanjani na mhudumu wa baa ya jirani, ambao kipato chao ni usiku wa mechi, hawakuwa na pa kwenda wala kiti mezani. Kamishna Gary Bettman aliomba radhi Januari 9. Ilikuwa haki aombe, lakini mishahara ya miezi ile haikurudi.

Mashabiki walirudi, viwanja vikajaa, na Chicago Blackhawks wakaanza kwa mechi 24 bila kushindwa ndani ya dakika 60 za kawaida, kisha wakabeba kombe. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Bettman alikuwa kamishna milango ilipofungwa 1994, 2004, ambapo msimu mzima ulipotea, na 2012. Kama watu hurudi kila mara, mmiliki anaogopa nini?

Lakini mwaka 2020 mkataba uliongezwa bila mechi hata moja kufutwa kwa mvutano, na Julai 2025 mwingine ukaidhinishwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya ule wa zamani kwisha, Bettman akiwa bado kamishna. Kumbe hata mwaka 2012 iliwezekana kuzungumza milango ikiwa wazi.