Kompyuta Ishike Daftari, Fundi Ashike Mtungi

Ushauri huu umeenea sana siku hizi: tafuta biashara ndogo ya huduma ambayo mwenyewe amezeeka na watoto wake hawaitaki, inunue kwa mkopo, ingiza programu za kompyuta, punguza wafanyakazi, kisha kaa uhesabu faida. Wenye uzoefu huongeza kwamba ni bora uchague sekta inayobanwa na sheria, kwa kuwa huko washindani ni wachache. Nakubaliana nao katika mengi. Ninachopinga ni pale programu inapoanza kula ile sehemu ya kazi ambayo sheria iliwekwa kwa ajili yake.

Chukua huduma ya vizimamoto, ile mitungi myekundu ya ukutani. Hakuna mwenye jengo anayeamka asubuhi akitamani mitungi yake ikaguliwe. Anaita fundi kwa sababu sheria inamtaka, au kampuni ya bima inamtaka. Kiwango cha NFPA 10, kanuni za vizimamoto za shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, kinataka kila mtungi utazamwe kila mwezi na ufanyiwe matengenezo kila mwaka na mtu mwenye cheti. Mtungi wa poda kavu uliojazwa pamoja na presha yake hufunguliwa na kukaguliwa ndani kila baada ya miaka 6, na kupimwa uimara kwa shinikizo la maji kila baada ya miaka 12. Ule wa kaboni dayoksaidi hupimwa hivyo kila miaka 5. Uingereza ina ratiba yake, lakini mwendo ni huohuo. Kwa mnunuzi hii ni neema kubwa, maana kazi ya miaka mingi ijayo inajulikana tangu leo.

Ila ukiingia ofisini kwa mwenye biashara, mara nyingi utakuta nusu ya ratiba hiyo iko kichwani mwake na nusu nyingine kwenye makaratasi. Mali bila daftari huisha bila habari. Mteja anapotea bila hata kukasirika. Mwaka umetimia na hakuna aliyempigia simu. Hapa kompyuta ina kazi halali, na sioni sababu ya kuionea haya. Kila mtungi upewe alama yake ya kusomwa kwa simu, yenye aina, mahali ulipo na tarehe zake zote. Ujumbe umfikie mteja mapema. Safari za mafundi zipangwe ili majengo ya jirani yafanyiwe siku moja. Cheti na ankara vitoke kabla fundi hajaondoka mlangoni. Mfumo ukumbushe pia leseni ya kampuni na vyeti vya mafundi vinaisha lini, kwa sababu siku moja ya leseni iliyopitwa na wakati inaweza kusimamisha kazi yote.

Sasa tazama mtungi wenyewe. Mshale wa kipimo unaweza kuwa kwenye kijani huku poda ndani imeshikamana na kuwa bonge, na siku ya moto itatoka hewa tupu. Mshale hauoni poda, unaona presha. Mtungi wa kaboni dayoksaidi kwa kawaida hauna kipimo cha presha kabisa, kwa hiyo lazima unyanyuliwe na kupimwa kwenye mizani. Hozi iliyoziba kwa kiota cha mdudu, kutu chini ya kitako, pini iliyopinda: haya yanataka macho na mikono. Kiwango chenyewe kinaruhusu vifaa vya kielektroniki vifanye ule uangalizi wa kila mwezi, lakini matengenezo ya mwaka kimeyaacha mikononi mwa mtu mwenye cheti. Waandishi wa kanuni wametuchorea mpaka, nasi hatuna haja ya kubuni mwingine.

Mpaka huu huvunjwa kwa njia za upole sana. Fomu ya kwenye simu inakuja ikiwa imeshajazwa neno “sawa” kila sehemu, ili kuokoa muda. Majibu ya mwaka jana yananakiliwa mwaka huu. Skrini ya ofisini inapanga mafundi kwa idadi ya mitungi waliyomaliza. Hakuna aliyekaa kitako akaamua kudanganya, lakini fomu imefanya ukweli uchukue dakika kumi na uongo uchukue sekunde moja. Baada ya hapo cheti kinachotoka ni karatasi tu, na watu wanalala kwenye jengo hilo wakikiamini.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza leseni iko kwa jina la nani. Kama fundi mwenye sifa zinazotakiwa ni muuzaji mwenyewe, akistaafu anaondoka na haki yako ya kufanya kazi. Pia kuna tofauti kubwa kati ya kununua hisa za kampuni na kununua vifaa na wateja wake tu. Ukinunua vifaa na wateja, huenda ukalazimika kuomba leseni upya. Ukinunua hisa, kwa kawaida unarithi leseni pamoja na madai yote yatakayotokana na saini za miaka iliyopita. Mimi ningeomba vyeti vichache vya zamani, nichague mwenyewe bila muuzaji kunisaidia, kisha niende na fundi wa nje kuitazama mitungi hiyo.

Mkopo nao una shinikizo lake. Rejesho la kila mwezi halijui fundi amekuta nini leo. Kliniki za waganga wa mifugo Uingereza zimeonyesha jinsi ununuzi wa namna hii wa biashara ndogo unavyoweza kukua: mwaka 1999 milango ilifunguliwa kwa wasio waganga kumiliki kliniki, na kutoka takriban asilimia 10 mwaka 2013, makundi makubwa ya kibiashara yalifikia kumiliki karibu asilimia 60 ya kliniki zote kufikia mwaka 2024, mamlaka ya ushindani ilipoanzisha uchunguzi rasmi. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba wateja wengi hawakujua kliniki yao imenunuliwa, kwani jina la zamani lilibaki mlangoni.

Nikiwa mnunuzi, muda unaookolewa na kompyuta ningeurudisha kwa fundi. Ningemlipa kwa saa, si kwa idadi ya mitungi. Fomu ningeiacha tupu kila mara, na picha ya mizani iwe ya lazima kwa kila mtungi wa kaboni dayoksaidi. Na akishaandika “umekataliwa”, mfumo usiwe na kitufe cha kulibadilisha neno hilo kutoka ofisini, hata kwa mwenye kampuni.