Nilitumwa Phénix, Nikaleta Ndege

Mwezi wangu wa pili kazini Marseille, Ufaransa, nilimsikia bosi wangu, mama mmoja wa miwani ya kuning'inia shingoni, akimnong'oneza mwenzake habari zangu: «Ce n'est pas un phénix.» Huyu si phénix. Phénix nilimjua, yule ndege wa hadithi anayeungua moto kisha akafufuka majivuni. Nikajitafsiria nilivyoweza. Jioni nikampigia Mama, Mombasa.

"Wamenikubali, Mama. Wanasema mimi siungui."

"Mashallah. Mbona wali wako ulikuwa ukiungua kila siku?"

Wiki iliyofuata bosi akanipa yuro 60: ninunue «un phénix», kubwa kubwa, la kupamba mapokezi. Nikazunguka soko la mitumba mpaka nikampata. Ndege wa udongo, mwekundu, mkia kama wa jogoo, jicho moja limebanduka rangi. Nikabembeleza hadi 35. Nikamtua pale mapokezi, nami nikasimama kando kama bwana harusi.

Bosi akatoka. Akamtazama ndege. Akanitazama mimi. Akavua miwani.

«Et je l'arrose comment?» Namwagiliaje maji?

Kumbe kuna phœnix mwingine, anayeandikwa kwa o na e zilizogandana, na kwa mdomo huwezi kuwatofautisha. Huyo ni mmea. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliupa jina hilo mwaka 1753, kutoka Kigiriki, ambako neno moja lilibeba ndege na mtende. Mtende! Mimi, mtoto wa pwani, niliyelishwa tende kabla sijaota meno!

Nikarudi na basi nimeukumbatia mtende kwenye chungu. Hakuna aliyeniambia kuwa chini ya yale makuti kuna miba kama sindano za kushonea magunia. Breki ya kwanza, mkononi. Ya pili, mahali ambapo hata mfamasia sikumwonyesha.

Mwenzangu alipokuwa akinibandika plasta, nikamuuliza lile la «pas un phénix». Akacheka. Un phénix, akasema, ni mtu asiye na mfano, kichwa hasa. Hata katika hekaya ya mshairi wao La Fontaine, ya mwaka 1668, mbweha anamwita kunguru phénix wa msitu ili tu adondoshe jibini.

"Kwa hiyo mimi…?"

"Wewe una roho nzuri."

Usiku Mama akapiga.

"Vipi mwanangu, bado huungui?"

"Siungui, Mama. Nimechomwa tu."